Kuwasaidia Waathirika wa Majanga ya Asili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mafuriko, kimbunga, ukame, tetemeko la ardhi au maporomoko ya udongo yanapotokea, watu wengi huguswa na kutaka kutoa chochote walicho nacho siku hiyohiyo. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mtoaji wa kawaida, mwenye kidogo au kikubwa, anayetaka alichotoa kimfikie mlengwa na kimfae. Msimamo unaoyaunganisha ni mmoja: anza na hali ya aliyepatwa na janga, ndipo utazame kilicho mkononi mwako.

Je, ni heri nitoe pesa au vitu?

Mara nyingi ni heri pesa. Mahitaji ya eneo lililokumbwa na janga hubadilika upesi kuliko shehena inavyoweza kusafiri. Siku za mwanzo baada ya tetemeko la ardhi huhitajika matabibu wa majeruhi, maji salama na turubai. Majuma machache baadaye watu huwa wanatafuta kodi ya nyumba, mbegu za msimu unaofuata, madaftari ya watoto na mabati. Pesa iliyotolewa leo hununua kile kitakachohitajika siku itakapotumika, ilhali sanduku lililofungwa leo litafika na kilekile kilichowekwa ndani yake, hata kama wakati wake umekwisha kupita.

Liko pia suala la usafirishaji. Kila kitu kinachotumwa ni lazima kipakiwe, kilipiwe nauli, kipitishwe forodhani, kihifadhiwe ghalani, kichambuliwe na kugawiwa, na kazi hiyo hula malori, mafuta na nguvu za watu walewale wanaotakiwa katika uokoaji. Jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu halipewi uzito unaostahili, ni soko la mahali penyewe. Mara nyingi wafanyabiashara wa maeneo ya jirani wanazo blanketi, sufuria na nafaka, ila wateja wao ndio wamebaki mikono mitupu. Shirika la misaada likinunua kwao, msaada hufika mapema, na mwenye duka, mchukuzi na mkulima huendelea kupata riziki. Bidhaa za bure kutoka mbali zikimiminwa katika soko hilo, watu hao huongezewa hasara juu ya ile waliyoletewa na janga.

Zipo hali ambazo vitu hutangulia, hasa soko linapokuwa limevunjika kabisa au kifaa kinachotakiwa hakipatikani karibu, kama vile mahema, chanjo na mitambo ya kusafishia maji. Hata hapo, vitu hivyo hununuliwa kwa jumla na kuwekwa akiba kabla ya janga. Mpango wa Chakula Duniani, kwa mfano, unasimamia mtandao wa maghala ya dharura, likiwamo la Brindisi nchini Italia na la Dubai, ambako mizigo huwa tayari kupakiwa ndegeni mara tu ombi linapofika.

Basi nguo, dawa na maziwa ya unga ya watoto visitolewe kabisa?

Nguo zitolewe pale tu zinapoombwa, zikiwa safi, nzima, na zenye kufaa hali ya hewa na heshima ya wanaozipokea. Marundo ya nguo kuukuu ambazo hakuna aliyeziomba huziba maghala na viwanja vya ndege, na hatimaye mtu hulazimika kulipwa ili azitupe.

Dawa zinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Tangu mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine, limekuwa na mwongozo kuhusu michango ya dawa: dawa iwe imeombwa na wanaoipokea, iwe imeidhinishwa kutumika katika nchi yao, maandishi yake yawe katika lugha wanayoielewa wahudumu wa afya wa huko, iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kumalizika muda wake, na isiwe masalio yaliyorudishwa na wagonjwa. Sababu ya ukali huo ilionekana wazi huko Aceh, Indonesia, baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Takriban tani 4,000 za dawa zilipelekwa katika jimbo hilo. Sehemu kubwa haikuwa kwenye orodha ya dawa muhimu za nchi hiyo, nyingi zilikuwa na maandishi yasiyoeleweka kwa wahudumu, na mamia ya tani zikabidi ziteketezwe kwa gharama.

Maziwa ya unga na chupa za kunyonyeshea visitumwe na watu binafsi hata kidogo. Mahali ambapo maji yamechafuka na hakuna moto wa kuchemshia, mtoto aliyekuwa akinyonya na ambaye sasa anapewa maziwa ya kopo huwa katika hatari ya kuharisha, na kuharisha katika mazingira hayo huua. Baada ya tetemeko la Yogyakarta la Mei 2006, watafiti walikuta kwamba watoto waliopewa maziwa ya msaada waliugua kuhara zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Mtoto asiyeweza kabisa kunyonyeshwa huhudumiwa na wataalamu wa lishe, wanaomfuatilia mmoja mmoja. Anayetaka kuwasaidia watoto wachanga na amlishe mama, ampe maji, na achangie mahali penye faragha ambapo mama anaweza kunyonyesha.

Waathirika wakipewa pesa mkononi, hawatazitumia vibaya?

Swali hili huulizwa mara nyingi kuliko ushahidi unavyoruhusu. Tathmini zilizofanywa katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba familia zilizopoteza mali hutumia pesa za msaada kwa chakula, matibabu, makazi, ada na kulipa madeni waliyokopa ili waishi. Mama mjane aliyepoteza ng'ombe na jirani yake aliyepoteza cherehani wameathiriwa na mafuriko yaleyale, lakini hakuna kifurushi kimoja kitakachowafaa wote wawili. Pesa humwachia kila mmoja uamuzi, na kwa mtu ambaye janga limemnyang'anya karibu kila kitu, kuendelea kuamua mambo ya nyumba yake ni sehemu ya utu wake.

Pesa hazifai kila mahali. Pale ambapo hakuna cha kununua, ambapo bei zinapanda kwa kasi, au ambapo mpokeaji anaweza kuvamiwa akitoka kupokea, mashirika hutumia vocha au hugawa bidhaa. Uamuzi huo hufanywa baada ya kuchunguza masoko, na mtoaji anaweza kuliuliza shirika kama uchunguzi huo umefanyika.

Nitatambuaje kwamba anayeomba mchango si tapeli?

Matapeli hufuata majanga kwa kasi. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005 nchini Marekani, ulaghai wa michango na wa fedha za misaada ulienea kiasi kwamba Wizara ya Sheria ya nchi hiyo iliunda kikosi maalumu cha kuushughulikia. Mbinu zao hazijabadilika sana: jina linalofanana na la shirika mashuhuri kwa tofauti ya herufi moja, picha ya janga jingine la miaka iliyopita, na shinikizo la kutoa sasa hivi kabla hujapata nafasi ya kufikiri.

Kwa hiyo usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya shirika unalolijua, au fika ofisini kwao. Hakikisha kwamba shirika limesajiliwa na mamlaka husika, kwamba akaunti ya benki au namba ya malipo ya simu ina jina la shirika wala si la mtu binafsi, na kwamba utapewa stakabadhi. Tafuta taarifa zake za fedha zilizokaguliwa. Shirika lililokuwapo katika eneo hilo kabla ya janga lina uzito kuliko lililozaliwa jana yake, kwa sababu linawajua watu, njia na viongozi wa mahali hapo. Asiyejibu maswali ya kawaida kuhusu matumizi ya fedha, au anayekuona mkorofi kwa kuyauliza, hastahili mchango wako, na unaweza kuupeleka kwingine bila kuona haya.

Michango inayoombwa mitandaoni kwa ajili ya familia moja mahususi ni jambo gumu zaidi. Mingi ni ya kweli. Ushauri wangu ni kuitoa kwa familia unayoifahamu, au inayofahamika kwa mtu unayemwamini, na kuielekeza michango mingine kwa taasisi zinazowajibika kisheria.

Je, shirika lenye gharama ndogo za uendeshaji ndilo bora?

Si lazima. Dereva anayepeleka maji, mhasibu anayezuia wizi, simu ya setilaiti, bima ya mhudumu anayeingia katika jengo lenye nyufa, vyote hivyo huandikwa katika hesabu kama gharama, na bila hivyo msaada hubaki bandarini. Shirika linalodai kwamba kila senti humfikia mlengwa, ama lina mfadhili mwingine anayelipia gharama hizo, ama halisemi ukweli wote. Uliza badala yake msaada wenyewe ulikuwa na ubora gani. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya kibinadamu yalianza kuviandaa mwaka 1997, vinataja angalau lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku na mita za mraba 3.5 za nafasi iliyoezekwa kwa kila mtu. Ripoti inayoeleza jinsi kambi ilivyofikia au kushindwa kufikia viwango hivyo ina manufaa makubwa kuliko asilimia moja iliyopambwa kwenye tangazo.

Nichangie shirika kubwa la kimataifa au kikundi cha wenyeji?

Waokoaji wa kwanza huwa majirani. Katika tetemeko la Kobe, Japani, la tarehe 17 Januari 1995, wengi wa waliotolewa vifusini wakiwa hai waliokolewa na jamaa na watu wa mtaani mwao kabla vikosi havijafika. Vikundi vya wenyeji vinajua nani anaishi peke yake, nani ni mlemavu, na njia ipi hupitika mvua inaponyesha. Vivyo hivyo, vitakuwapo baada ya wageni kuondoka. Hata hivyo havipati sehemu ya fedha inayolingana na kazi yao: mwaka 2016, katika mkutano wa kibinadamu uliofanyika Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kulenga angalau asilimia 25 ya fedha iwafikie wahudumu wa ngazi ya taifa na ya wenyeji kwa njia iliyo fupi kadiri iwezekanavyo, na miaka mingi baadaye lengo hilo lilikuwa bado mbali kufikiwa.

Mashirika ya kimataifa nayo yana uwezo ambao kikundi kidogo hakina, kama vile kukodi ndege, kuleta hospitali za mahema, au kununua nafaka kwa maelfu ya tani. Vyama vya kitaifa vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu viko katikati ya pande hizi mbili, kwa kuwa vina wahudumu wa kujitolea vijijini na wakati huohuo vinaungwa mkono na harakati yenye mizizi tangu mwaka 1863. Ikiwa unalijua kundi la wenyeji lenye uongozi unaowajibika, lipe. Kama hulijui, liulize shirika kubwa linashirikiana na wenyeji gani na linawapa sehemu gani ya fedha.

Kwa nini misaada huchelewa wakati fedha zimekwisha kuchangwa?

Sababu nyingine ni za kimaumbile. Tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010 liliharibu bandari ya Port-au-Prince, na uwanja wa ndege wenye njia moja ya kurukia ukalemewa na ndege kutoka kila upande. Nyingine ni za kisiasa na kiutawala. Baada ya matetemeko ya tarehe 6 Februari 2023, msafara wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kutoka Uturuki uliingia kaskazini magharibi mwa Syria tarehe 9 Februari, wakati ambapo matumaini ya kuwakuta watu hai vifusini yalikuwa yamepungua sana. Kuchelewa kwa namna hiyo kunaumiza, na wananchi wana haki ya kuzihoji serikali zao na mashirika. Lakini upo pia ucheleweshaji wa busara: nyumba za kudumu hazijengwi kabla haijajulikana nani anamiliki kiwanja na kama mto utarudi palepale.

Nitoe lini?

Toa mara moja ikiwa unaweza, na utoe tena baadaye, wakati habari zimehamia kwingine. Mchango mwingi huja katika siku ambazo picha ziko kwenye televisheni, ilhali mahitaji huendelea kukua. Mafuriko ya Pakistan ya mwaka 2022 yaliathiri watu wapatao milioni 33. Ombi la kwanza la Umoja wa Mataifa, la mwisho wa Agosti, lilikuwa dola milioni 160. Mwezi Oktoba lilipandishwa hadi dola milioni 816, kwa kuwa maji yalikuwa bado yametuama na magonjwa yalikuwa yameanza. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, katikati ya Machi 2019, kipindupindu kilitangazwa kabla mwezi haujaisha, na chanjo ilibidi ianze kutolewa mapema Aprili. Mtoaji aliyeweka akiba kidogo kwa ajili ya mwezi wa pili baada ya janga alikuwa na kazi kubwa ya kufanya.

Ukame unadai kinyume chake, yaani kutoa kabla ya picha. Nchini Somalia, tahadhari zilianza kutolewa Agosti 2010, na mvua za mwisho wa mwaka huo zikakosekana kama ilivyohofiwa. Njaa ilitangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 260,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Dunia iliamka ilipoona watoto waliokondeana, na wengi walikuwa wamekwisha kufa. Kwangu hili ndilo somo zito kuliko yote katika utoaji wa kibinadamu, kwa sababu vifo hivyo vilitanguliwa na onyo.

Ndiyo maana baadhi ya mifuko sasa hutoa fedha kwa kufuata utabiri. Julai 2020, Mfuko Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Kukabiliana na Dharura ulitoa takriban dola milioni 5.2 nchini Bangladesh kabla mafuriko hayajafikia kilele, ili familia zijiandae. Nchi hiyo yenyewe ni ushahidi wa faida ya maandalizi: kimbunga cha Bhola cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000, lakini kimbunga Amphan cha Mei 2020 kiliua makumi tu nchini humo, baada ya watu zaidi ya milioni mbili kuhamishiwa mahali salama. Kuchangia mifumo ya tahadhari, makazi ya kukimbilia na mafunzo ya wahudumu wa vijijini hakuna mvuto wa picha, ila kunaokoa maisha.

Je, nifunge safari niende mwenyewe kusaidia?

Nenda ikiwa una ujuzi unaotakiwa, umealikwa na taasisi iliyoko huko, na unaweza kujitegemea kwa chakula, maji, malazi na bima. Asiye na hayo huongeza idadi ya watu wa kulishwa. Ikiwa wewe ndiye jirani, hali ni tofauti, nawe jiandikishe kwa uongozi wa eneo lako au chama cha Msalaba Mwekundu, usije ukaingia peke yako kwenye jengo linaloweza kuanguka. Damu nayo itolewe kituo kinapoomba, na vizuri zaidi kwa mazoea ya mwaka mzima.

Ninaweza kumchukua mtoto aliyepoteza wazazi nikamlee?

Si katika majuma ya dharura. Mtoto anayeonekana kuwa peke yake mara nyingi ana mzazi aliyelazwa hospitalini, au shangazi anayemtafuta katika kambi nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2010 kundi la raia wa kigeni lilikamatwa nchini Haiti likijaribu kuvusha mpakani watoto 33 waliodaiwa kuwa yatima. Ilibainika baadaye kwamba wengi wao walikuwa na wazazi walio hai. Machafuko ya namna hiyo pia huwapa nafasi wasafirishaji haramu wa watoto. Changia kazi ya kuwaandikisha watoto waliopotezana na familia zao na kuwaunganisha tena. Taasisi kama UNICEF na Msalaba Mwekundu huifanya kila janga linapotokea.

Niagize kwamba mchango wangu utumike kwa janga hili pekee?

Unayo haki hiyo, na shirika likiipokea fedha kwa sharti hilo linapaswa kulitii. Lakini fedha zisizo na sharti ndizo hufika kwenye majanga yasiyotangazwa. Siku chache baada ya tsunami ya 2004, Médecins Sans Frontières, yaani shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, walitangaza kwamba wamepata fedha za kutosha kwa kazi waliyokusudia kule, wakawaomba waliochangia ruhusa ya kuzielekeza fedha zilizozidi kwenye dharura nyingine, na wengi mno wakakubali. Ukiliamini shirika kiasi cha kulikabidhi pesa zako, liamini pia kuchagua mahali penye uhitaji mkubwa.

Nina kiasi kidogo tu. Kina maana?

Kina maana. Baada ya tetemeko la Haiti, watu nchini Marekani walichanga dola 10 kila mmoja kwa ujumbe wa simu, na Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo ukapokea kwa njia hiyo zaidi ya dola milioni 32. Kiasi kidogo kinachotolewa kila mwezi hufaa hata zaidi, maana shirika huweza kupanga likijua kitakuja.

Ndugu yangu aliyeathirika ameombwa malipo ili aandikishwe kupokea msaada. Je, ni halali?

Si halali. Msaada wa kibinadamu ni bure. Hakuna mwenye ruhusa ya kumdai mwathirika pesa, kura, kubadili dini, kazi ya nyumbani au tendo la ngono ili jina lake liingie kwenye orodha. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2003 zinakataza waziwazi wafanyakazi wake kubadilishana msaada na ngono, na mashirika mengi yameweka kanuni za aina hiyo. Mwambie ndugu yako asilipe, akumbuke siku, mahali na alichoambiwa, kisha apeleke malalamiko kwa shirika lenyewe kupitia namba ya simu, sanduku la maoni au dawati la malalamiko lililoko kwenye kituo cha ugawaji, na kwa polisi pale ambapo kosa ni la jinai. Akiogopa kutajwa jina, anaweza kuomba lihifadhiwe. Nawe uliyechangia unaweza kuliandikia shirika hilo kuuliza malalamiko ya namna hiyo yanashughulikiwaje na nani, kabla hujatoa mara ya pili.